Hapo Umekosea

Sebuleni kwa Baba, Morogoro, jioni ya tarehe 26 Desemba. Watoto wako nje na baiskeli mpya, Mama yuko jikoni anabishana na dada yangu kuhusu nazi, na mimi nimekaa kwenye kile kinanda cha Baba cha miaka na miaka, kile chenye vitufe viwili vilivyokufa kule juu, napiga kipande cha Scarlatti, mtunzi Mwitaliano wa zamani. Baba amefumba macho. Sikumwomba asikilize, ila kwa Baba ukigusa kinanda ni kama umegonga kengele ya shule, anakuja mwenyewe na anakaa.

Mistari ya mwanzo ikapita vizuri. Nikafika pale ambapo mkono wa kushoto unaangusha kodi nzito (kodi ya muziki, yani nota kadhaa kwa mpigo mmoja, TRA mkae kwa kutulia), kodi ya nota sita, zingine zimebanana kiasi kwamba kidole gumba kimoja kinakandamiza vitufe viwili kwa mpigo. Inatoka kama mtu kaburuta kabati.

Kidole cha Baba kikapanda hewani.

"Hapo umekosea."

Sikuwa nimekosea. Ile kodi ndivyo ilivyo, nimeihangaikia miezi miwili, nimeipiga usiku na hedifoni watoto wakiwa wamelala, naijua kuliko namba yangu ya NIDA.

Nikasema, "Ndiyo Baba."

Halafu nikaipiga tena, safari hii nikazitoa zile nota zinazokwaruzana, ikatoka safi kama Amina ya mwisho wa misa. Baba akaitikia kwa kichwa, akafumba macho tena.

Sa hivi ni wiki ya saba na bado sijui yule aliyesema ndiyo Baba ni nani. Nina miaka 41. Kazini kuna watu wananiogopa.

## Rudi mwanzo

Waliokulia kwaya ya parokia hawahitaji maelezo. Ubao, chaki, d r m f, sauti ya pili kila siku ndo inalaumiwa, na mwalimu mwenye sikio linalosikia besi mmoja tu kati ya tisa aliyeteleza. Mwalimu huyo alikuwa baba yangu. Nyumbani alikuwa huyo huyo, ila bila ubao.

Alinifundisha kinanda nikiwa na miaka tisa na sheria ilikuwa moja: ukikosea, rudi mwanzo. Siyo urudi mstari huo. Mwanzo kabisa. Matokeo yake mpaka leo mimi najua mianzo ya nyimbo nyingi sana, mwanzo naupiga kama malaika, na kila wimbo una mahali fulani katikati ambapo mwili mzima unakaza kwa sababu unajua hapa ndo nilikuwaga nafukuzwa.

Nikaacha nikiwa fomu two. Hakuna ugomvi uliotokea, niliacha tu kama watu wanavyoacha.

Nimerudi miaka mitatu iliyopita, nimenunua piano ya umeme ya mtumba yenye vitufe 88, iko chumbani kati ya kabati na dirisha, na ninafundishwa na kijana wa miaka 24 anayekuja Jumamosi asubuhi na bodaboda. Ananiita dada. Yeye ndiye aliyeniletea Scarlatti. Mimi nilitaka Bach, si unajua, Bach ana heshima, hata Baba anamjua. Kijana akasema dada, Bach utampiga kama mtihani, wacha nikupe mtu mwingine.

Akanipa K. 32, ukurasa mmoja tu, taratibu, imeandikwa juu yake Aria. Baada ya hapo K. 208. Hizo K ni za Ralph Kirkpatrick, Mmarekani aliyezipanga upya mwaka 1953 akafika 555. Sonata mia tano hamsini na tano, yani vipande vya muziki wa kinanda! Nyingi zinagawanyika nusu mbili, kila nusu inarudiwa, na nyingi hazifiki hata dakika sita. Nikamwambia kijana mimi nitakufa sijamaliza. Akacheka, akasema hata yeye.

## PDF ya bure

Sasa ile yenye kodi ya kabati, ya ufunguo wa La maina, nilijichagulia mwenyewe. Niliisikia usiku nikiwa naosha vyombo na nikaacha maji yanamwagika. Nikaingia mtandaoni nikadaunlodi nota za bure, nikachapisha pale steshenari, nikaanza kujifunza kimya kimya bila kumwambia kijana maana nilijua atasema bado.

Wiki tatu nimepiga. Na kila nikirudi kusikiliza rekodi naona kuna kitu hakikai sawa. Kwenye rekodi ile kodi ina uchafu, kwangu ni safi. Unajua nilichofikiria? Nilifikiria yule mpiga piano, mtu mwenye jina duniani, amekosea na hawakuirekebisha studio. Naapa. Ndivyo nilivyolelewa: nikisikia kitu kinakwaruza, kuna mtu kateleza.

Jumamosi nikamwonyesha kijana. Akaangalia karatasi zangu sekunde chache akauliza, "Dada, hizi ni za Longo?"

Alessandro Longo alikuwa mpiga piano wa Italia kusini, na kuanzia 1906 alichapisha sonata za Scarlatti karibu zote, kazi ya punda ambayo inabidi tumshukuru, kwa sababu bila yeye watu wengi wasingezijua kabisa. Ila Longo alikuwa na ugonjwa mmoja. Alipokutana na nota zinazogombana aliona ni makosa, akazisafisha. Kwa nia njema kabisa. Alizipiga pasi kama shati la mtu mwingine, na kwa kuwa toleo lake ni la zamani na halina hakimiliki tena, ndilo linalozagaa bure, na ndilo mtu kama mimi analolikuta kwanza.

Kijana akafungua simu akanionyesha toleo jingine. Ile kodi ilikuwa nyeusi tii. Nota zimepandana kama watu wa mwendokasi saa kumi na moja jioni.

Mimi nikabisha! Yani nilimtetea Longo nusu saa nzima. Nikasema labda mwandishi aliyenakili ndiye aliyekosea, na hoja yangu haikuwa ya kijinga, maana hakuna sonata hata moja iliyobaki kwa mkono wa Scarlatti mwenyewe. Hakuna. Tulizonazo ni nakala, vitabu 15 vilivyoko Venice, vilivyonakiliwa kwa ajili ya malkia wa Hispania aliyekuwa mwanafunzi wake, na vingine 15 viko Parma, kazi kubwa ikiwa imefanyika kati ya 1752 na 1757. Mtu aliyekaa ananakili mamia ya kurasa si anasinzia?

Kijana akanijibu kwa upole ambao uliniudhi. Akasema dada, twende nusu ya pili. Tukaenda. Kodi iko pale tena, ufunguo mwingine wa sauti, lakini msongamano uleule, umbo lilelile. "Mtu anayesinzia," akasema, "hakosei mara mbili kwa namna moja."

Nikanyamaza.

Nilizitupa zile karatasi kwenye kapu, halafu usiku nikazitoa. Sijui kwa nini nilizitoa.

## Karatasi ya 1717

Hapa ndo nilianza kumsoma huyu mtu, na hapa ndo nilipoharibikiwa.

Domenico Scarlatti alizaliwa Napoli 1685, mwaka uleule wa Bach na Handel, mtoto wa sita kati ya kumi wa Alessandro Scarlatti. (Alessandro mwingine, ndiyo. Baba anaitwa Alessandro, na aliyekuja kumsahihisha mtoto karibu miaka mia moja na hamsini baada ya kifo chake naye Alessandro. Mimi simo.) Na baba mtu alikuwa jina kubwa la opera. Kila kazi ya kwanza aliyopata kijana ilipita mkononi mwa baba. Mwaka 1705 mzee akamhamisha akamtuma Venice, akamwandikia barua mwanamfalme wa Firenze, Ferdinando de' Medici, kwamba mwanangu huyu ni tai ambaye mbawa zake zimeshaota, hapaswi kukaa kiotani bure, na mimi sipaswi kumzuia kuruka.

Maneno matamu hayo, eti? Nami niliyasoma nikalengwalengwa na machozi.

Miaka kumi na mbili mbele, Januari 1717, tai ana miaka 31. Anaongoza muziki wa Cappella Giulia, yani yeye ndiye mwalimu wa kwaya wa Basilika ya Mtakatifu Petro, Roma, ofisi ambayo baba yangu angeipigia magoti. Na mwezi huo ndo inatengenezwa hati rasmi ya kisheria ambayo baba yake anamwachilia kutoka kwenye mamlaka yake.

Kwa hati. Ana miaka 31, anaongoza kwaya ya Mtakatifu Petro, na anahitaji karatasi ya kusema wewe sasa ni mtu mzima.

Hiyo ndo iliyonikaa kifuani wiki zote hizi. Hapo mwanzo niliichukulia vibaya kwa sababu nilitaka iwe hadithi ya ukombozi: karatasi inapatikana, 1719 anakwenda Lisbon, 1725 baba anafariki, na 1738, Domenico akiwa anakaribia miaka 53, kinachapwa London kitabu chake cha sonata thelathini ambazo hazifanani na kitu chochote cha mzee. Imekaa vizuri mno. Ningeweza kuiandika hivo na mngenipigia makofi.

Ila ukiangalia vizuri hakuwa huru popote. Lisbon alikuwa mtumishi wa mfalme João wa Tano wa Ureno na mwalimu wa binti yake, Maria Bárbara. Binti alipoolewa Hispania mwaka 1729 akiwa na miaka 17, mwalimu akaenda naye, kama sanduku. Sevilla, baadaye Madrid, hadi alipofariki huko 1757. Kuna hadithi kwamba binti huyo, akiwa malkia, alimlipia madeni ya kamari na yeye akalipa kwa sonata. Iwe kweli iwe uongo, inaonyesha watu walimwonaje. Kutoka kwa baba kwenda kwa mfalme, kutoka kwa mfalme kwenda kwa mwanafunzi wake mwenyewe.

Kwa hiyo hiyo karatasi ilimsaidia nini? Sina jibu. Ninachoona ni kwamba hizo nota zilizobanana hakuziandika kanisani Roma alipokuwa na cheo. Zimo kwenye vipande vidogo, vya mwanamke mmoja kupiga ndani, visivyo na waimbaji wala hadhira. Labda mtu anakuwa na ujasiri pale ambapo hakuna anayehesabu.

## Mfalme yuleyule

Kituo kidogo hapa, maana hili lilinifanya niamke kitandani. Huyo João wa Tano mwenye dhahabu ya Brazil, dhahabu iliyochimbwa na watumwa, ambayo ndiyo iliyomlipa Scarlatti mshahara, ndiye mfalme ambaye askari wake waliirudia Mombasa Machi 1728. Wakakaa Fort Jesus mwaka mmoja na miezi minane hivi. Januari 1729 kule mpakani mwa Ureno na Hispania, kwenye mto Caia, familia mbili za kifalme zinabadilishana mabinti kwa fahari ambayo siwezi hata kuielezea. Miezi mitatu mbele, Aprili, watu wa Mombasa wameinuka, Wareno wamefungiwa ndani ya ngome yao, na Novemba wakasalimu amri wakaondoka.

Shuleni nilisoma hiyo ngome mpaka nikachoka. Hakuna aliyeniambia kwamba wakati Wareno wanahesabu nafaka zilizobaki mle ndani, mwalimu wa muziki wa binti wa mfalme wao alikuwa Sevilla anasikiliza magitaa.

Maana alikuwa anasikiliza. Daktari mmoja aliyemfahamu, L'Augier, alimsimulia Charles Burney, Mwingereza aliyezunguka Ulaya akikusanya habari za muziki, kwamba Scarlatti aliiga nyimbo za wapagazi na waendesha nyumbu. Na zile kodi zangu, ukizisikiliza ukiwa umesahau kwaya, ni mtu anakung'uta gitaa nyuzi zote, pamoja na zile ambazo hakuzibonyeza.

## Jinsi ya kukwaruza

Wanaotaka kujaribu, nachojua ni hiki. Mimi nilikuwa naipiga kodi ile kwa hatia. Naigusa kwa woga, taratibu, natumaini hakuna atakayesikia, na pedali nimekanyaga ili kufunika. Matokeo ni tope.

Kijana akafanya kitu rahisi. Akabonyeza kale kakitufe ka sauti kwenye piano yangu, akabadilisha ikawa sauti ya hapsikodi. Hapsikodi haipigi nyundo, inanyofoa uzi, na sauti inakufa haraka. Akasema piga sasa. Nikapiga, na ile kodi ikalia kama mtu kamwaga sarafu juu ya bati. Haikuwa na uchafu wowote! Ilimeremeta. Kila nota inasikika, zinapigana na zinaondoka.

Akarudisha piano. "Sasa tafuta sarafu zako humu."

Toa mguu kwenye pedali. Mkono uanguke mara moja na uondoke kama umegusa sufuria ya moto. Kidole gumba kilale upande, siyo ncha. Na usizipe nota zote uzito sawa, nota za nje ndizo zinabeba, za ndani ni pilipili. Wiki nzima nilipiga hiyo kodi moja tu. Jirani akauliza kama kuna fundi.

Watu watasema kupiga Scarlatti kwa piano ni kudanganya. Sijui bwana. Maria Bárbara alipofariki 1758 orodha ya mali yake ilikuwa na vyombo kumi na viwili vya vitufe, na vitano kati yake vilikuwa piano za Firenze, ingawa mbili zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi. Malkia mwenyewe alikuwa anabadilisha mawazo, mimi nani.

Kuna dibaji fupi kwenye kile kitabu cha 1738, anamwambia msomaji asitegemee elimu nzito humo, ni mchezo wa akili tu na sanaa, halafu anasema: jionyeshe kuwa mwanadamu zaidi kuliko mkosoaji, na hivyo utaongeza raha yako mwenyewe. Na anafunga na maneno mawili, Vivi felice, yani ishi kwa furaha.

Mwanadamu zaidi kuliko mkosoaji. Nilimsomea mume wangu mara nne siku hiyo. Mara ya nne akaniuliza kama namsema yeye.

## Simu ya Jumapili

Nisiseme uongo, nilichoogopa pale sebuleni siyo kumkosea Baba adabu. Angenielewa au asingenielewa, yamepita. Nilichoogopa ni kwamba nilikubaliana naye. Kidole kilipopanda, sekunde ile, sikio langu lenyewe lilisema ndiyo, hapo pamechafuka. Miezi miwili ya mazoezi, kijana, sarafu, gitaa, vyote viliyeyuka na nikasikia kwa masikio yake. Longo hakuwa kwenye PDF. Alikuwa amekaa ndani yangu na amevaa miwani ya Baba.

Na Baba si mtu mbaya, jamani, msiniandikie hayo. Kwaya yake iliimba vizuri. Hilo sikio lake ndilo lililonipa kila nilicho nacho, hata uwezo wa kusikia kwamba kodi ina mgongano ni yeye kanipa.

Jumapili iliyopita akapiga simu kama kawaida baada ya misa. Tukaongea bei ya mchele, tukaongea goti. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema.

"Baba, ile kodi ya siku zile za Krismasi."

"Ipi?"

"Ile uliyosema nimekosea. Nilikuwa sijakosea. Imeandikwa vile vile."

Kimya. Nikasikia redio yake kwa nyuma.

"Nani kaandika?"

"Scarlatti. Alikuwa mwalimu wa kwaya wa Mtakatifu Petro, Roma." Nilijua nafanya nini.

Kimya kingine, kirefu zaidi.

"Basi huyo ndiye aliyekosea."

Nikacheka, na yeye hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Akasema nitajie kwa solfa, yani do re mi. Nikamtajia kuanzia chini, moja moja, na nikamsikia ananung'unika kila sauti kadri naitaja, mzee wa miaka 77 amesimama kwenye korido na simu, anaijenga besi, anaijenga tena, anafika pale penye re na mi bega kwa bega na anasita.

"Zote kwa pamoja?"

"Zote Baba."

"Na huyo mwalimu wako," akasema, "unamlipa?"